Msiniletee kamusi, nileteeni ramani

Nimeshalisema hili mpaka wengine mnanikwepa, na leo nalirudia: ukitaka asili ya jina la ukoo usikimbilie kamusi, uliza kwanza hao watu walikuwa wanakaa wapi. Chukua Bergoglio. Ndio, lile la Papa Francis. Na tafadhali tamkeni Bergolyo, msiniletee Begogilio.

Sasa hakosekani mjuaji, atasimama aseme "berg" ni mlima kwa Kijerumani, "olio" ni mafuta kwa Kiitaliano, kwa hiyo ukoo wa Mlima wa Mafuta. Jamani! Hao ni watu wa Piemonte, mkoa wa kaskazini mwa Italia, kwao kijiji cha Portacomaro, karibu na mji wa Asti, na hapo jirani kuna mji wa Alessandria uliokuwa na mtaa wake ng'ambo ya mto Tanaro, mtaa unaitwa vipi? Bergoglio. Ukienda leo huukuti, karne ya 18 waliubomoa wakajenga ngome ya jeshi, wenyeji wakahamishwa. Mtaa umekufa, jina liko kwa watu. Halafu cha kuchekesha, Alessandria yenyewe ilipewa jina la papa, Alexander III.

Haya, lilifikaje Argentina, alikozaliwa huyo Papa? Hapa mnivumilie. Mwaka 1927 familia ishakata tiketi za meli Principessa Mafalda, ila mali haijauzika, wakaahirisha. Oktoba meli ikazama pwani ya Brazil, watu zaidi ya 300 wakafa. Yaani jina lenyewe lingeishia chini ya bahari, likaokolewa na wanunuzi wazito wa mfuko! Wakaja kusafiri na meli nyingine, mwanzoni mwa 1929 wanashuka Buenos Aires, huko ni kiangazi, joto la kufa mtu, na Rosa, bibi yake Papa, katinga koti la manyoya ya mbweha. Ungemwona ungesema huyu mama vipi? Kumbe hela yote ya mauzo kaishonea ndani ya bitana.

Mtasema koti na asili ya jina wapi na wapi. Jina halipandi meli lenyewe bwana, linabebwa na mtu mwenye nauli! Na huyo Rosa kwao alikuwa Vassallo, nalo lina mambo yake, na kuna hili la makarani kukosea spelingi, lakini naona naonyeshwa saa. Haya, maswali. Wewe wa mlima wa mafuta, kaa chini.