"Dada, ulienda Ulaya kunyonga baiskeli?" Najibu nikiwa Mafinga

Kamwene jamani. Picha ikitikisika mnisamehe, simu nimeiegemeza kwenye ndoo hapa uani kwa mama, Mafinga, na mikono yote nimeificha kwenye kitenge. Julai ya huku mnaijua wenyewe.

Sikupanga kurekodi likizoni. Ila tangu niweke ile video ya kuendesha baiskeli kwenye ziwa la Kielder, kule Uingereza ninakofanya kazi, nikifungua maoni nakuta swali ni lile lile: "Dada, yaani ulienda Ulaya kunyonga baiskeli?" Mmoja kaandika kwa huruma kabisa, "Pole dada, Mungu atafanya, gari litakuja." Chini yake mwingine anasema najishaua na vifaa vya kizungu. Sasa nyie kubalianeni kwanza. Naringa au nateseka? Jana sokoni muuza maparachichi kaniuliza ana kwa ana, tena mbele ya watu, ndiyo nikasema hapana, leo nimalizane nalo.

Tuanze na leseni. Leseni yetu ya Tanzania unaiendeshea kule miezi 12 tangu uhamie, basi. Kuna nchi ambazo watu wake wanajaza fomu wanabadilishiwa, sisi hatumo kwenye orodha. Unaanza upya kama hujawahi kushika usukani: leseni ya kujifunzia pauni 34, mtihani wa nadharia pauni 23, wa barabarani pauni 62 kwa siku za kazi, na mwalimu analipwa kwa saa. Mimi! Mimi niliyekuwa naendesha pikapu ya baba imejaa mbao, mvua ya Machi, matope mpaka kwenye vitasa. Nikafelishwa eti sikutazama kioo vya kutosha. Nilitazama. Yule bwana alikuwa anaangalia macho yangu au kichwa changu? Kupata tarehe nyingine ikawa miezi. Na bima niliyotajiwa, kwa mtu mwenye leseni mpya, ilizidi bei ya lile gari bovu nililokuwa nalitamani. Kwa hiyo gari halikuja, na wala silii.

Baiskeli nayo ilikuwa na makaratasi yake. Kule kuna mpango mwajiri anakununulia baiskeli, wewe unakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara kabla ya kodi. Nikafurahi, nikajaza fomu zote. Jibu likaja: sharti ni kwamba ukishakatwa, mshahara usishuke chini ya kima cha chini cha sheria. Mimi nalipwa pale pale kwenye kima cha chini. Yaani unafuu wa wafanyakazi, ila mfanyakazi wa chini haumfikii. Nilisoma ile barua mara tatu nikidhani ni Kiingereza changu.

Nikanunua iliyotumika, pauni 280. Ndiyo, najua mmeshazidisha, ni karibu milioni moja ya kwetu. Nililipa kwa mafungu mawili na muuzaji alinionea huruma. Mama alipoona picha hakuuliza bei, aliuliza keria iko wapi. Hamna keria, hamna stendi, hamna madigadi, tairi jembamba kama kidole. "Sasa hii inabeba nini?" Inanibeba mimi, mama.

Haya, ziwa lenyewe. Wengi mlidhani nimerekodia msitu wa hapa kwetu wa Sao Hill, na siwalaumu. Kielder iko kaskazini kabisa mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Scotland, na ule msitu si wa asili, ni shamba la miti kama hili letu. Walianza kuupanda mwaka 1926, maana vita ya kwanza ya dunia iliwamalizia mbao. Mti wao mkuu ni Sitka spruce, asili yake Amerika Kaskazini, kama paina zetu zilivyo wageni hapa. Mistari ile ile iliyonyooka, giza lile lile chini ya miti, na malori ya magogo yale yale, ukiyasikia nyuma yako unajua uhamie pembeni. Mara ya kwanza nilipofika ilikuwa imetoka kunyesha, ile harufu ikanipiga. Nilisimama nikajifanya narekebisha cheni.

Hata ziwa limetengenezwa. Ni bwawa, lilifunguliwa rasmi mwaka 1982, lina lita bilioni 200, na kwa ujazo hakuna ziwa lililotengenezwa na binadamu linalolizidi katika Uingereza yote. Lilijengwa zaidi kwa ajili ya viwanda vya pwani ya mashariki, vya chuma hasa, halafu viwanda vyenyewe vikanyong'onyea. Maji yapo, wateja wakapungua.

Sasa kuna kaka aliandika kwamba nimedanganya, ziwa halizungukwi kwa barabara. Kaka, umesema kweli, kichwa cha video nilikiandika kwa pupa. Barabara ya lami iko upande mmoja tu, wa kusini. Inayozunguka ziwa zima ni njia ya changarawe, kilomita 42, ya waenda kwa miguu, baiskeli na farasi. Kwa tairi langu jembamba ni kujitafutia pancha, na nilizipata mbili. Mwenye tairi nene aende hiyo, atafaidi. Wa tairi jembamba abaki kwenye lami.

Mimi huwa napanda treni Newcastle mpaka Hexham, chini ya saa moja. Lazima niwahi, maana nafasi ya baiskeli ndani ni chache, nilishaachwa na treni nikiwa na tiketi mkononi na hela haikurudi, hilo sitaki hata kulizungumzia leo. Kutoka Hexham unafuata mto North Tyne, unapita Wark mpaka Bellingham. Hapo ndipo pa kununua chakula na kujaza chupa, msiseme sikuwaambia, mbele maduka ni ya kubahatisha na simu inakosa mtandao. Kutoka Bellingham ni vilima vya kupanda na kushuka, si virefu ila haviishi, mpaka unaliona tuta la bwawa. Halafu Tower Knowe, halafu Leaplish, maji yako kulia kwako muda wote, mpaka kijiji cha Kielder. Jumla kama kilomita 55, na unarudi kwa njia hiyo hiyo. Wanaendesha kushoto kama sisi, hilo angalau halikunisumbua.

Ukiwa na nguvu, kutoka kijijini ni kama kilomita tano tu unapita Deadwater, unaingia Scotland. Mimi niliyezoea mpaka wa Tunduma nilipunguza mwendo, nikaanza kutafuta pa kugonga muhuri. Kuna kibao tu, na kondoo. Kitu kimoja katika maisha yangu ya kule ambacho hakikuniuliza karatasi. Ukiendelea Saughtree unaweza kuteremka mpaka Newcastleton, barabara tulivu, magari ya kuhesabu. Wengine wanazunguka kwa juu na kurudi kupitia Carter Bar, mita 418 kutoka usawa wa bahari, ila barabara ile kubwa magari yanakimbia mno, mimi siipendi. Kuna nyingine inakatiza msituni kutoka Kielder kwenda mashariki, kama kilomita 19, inapanda mpaka juu ya mita 450, wenyewe wanaitaja kwa heshima. Jamani, hapa nilipokaa ni zaidi ya mita 1,800. Nilicheka, halafu nikapanda, nikaacha kucheka. Ile ni changarawe, na upepo wake una nia mbaya.

Mambo mawili hawakuniambia. Kiangazi kuna usubi. Watu wa Kyela mnaujua ule unaopanda juu ya ziwa Nyasa kama moshi, wenu hauumi. Huu unauma. Ukisimama kuziba pancha umekwisha. Na Desemba, saa kumi jioni giza linaingia, na giza la pale ni la kweli, watu wanafunga safari kwenda kuangalia nyota. Bila taa usithubutu.

Kuhusu ile kaptula niliyovaa kwenye video. Shangazi yangu, ambaye najua unaangalia kwa simu ya mwanao, ile kaptula ina sponji chini kwa sababu kiti ni kigumu. Si urembo. Kilomita 110 na gauni, shangazi? Ungeendesha wewe basi. Hapa Mafinga sijaivaa na sitaivaa, nimekuheshimu, lakini usitume tena ile picha kwenye kundi la ukoo.

Mama wa Makambako aliyeuliza kama mwanawe anayekwenda kusoma kule anunue baiskeli: mama, shikamoo, mimi siwezi kukuamulia. Anakaa wapi, chuo kiko mbali gani, magoti yake je? Mimi ilinifaa kwa mfuko wangu na kwa upweke wangu. Mwenzangu mmoja alinunua, akaendesha wiki mbili, sasa anaanikia nguo. Akinunua, anunue na kufuli zuri, na ajifunze kuziba pancha hapa nyumbani kabla hajaondoka. Fundi wa pale stendi alinifundisha kwa buku mbili na solusheni akanipa. Kule nilitajiwa pauni 15 kwa kazi hiyo hiyo.

Na binamu yangu, unayenisubiri hapo getini tangu nianze kuongea. Lile ombi lako nilisema tutaona. Tutaona si ahadi.