Mgao si Deni

Mkuu wa Chuo, walimu wangu, nanyi vijana mtakaokwenda kusimamia vitalu vya uwindaji: nimeombwa nizungumzie uongozi. Naanza na pua ya simba.

Dume akiwa kijana, pua yake ni ya waridi. Kadiri umri unavyokwenda, madoa meusi hutapakaa mpaka yanaifunika. Mwindaji bingwa huikagua kwa darubini kabla mgeni aliyelipia kuwinda hajashika bunduki, maana kanuni zetu za Tanzania zinataka simba anayewindwa awe ametimiza miaka 6. Umri huo una sababu. Dume mwenye kundi akiuawa mapema, madume wageni hulivamia na kuwaua watoto wake. Risasi moja ya pupa inaangamiza hata wale ambao hakuna aliyewalenga.

Sasa mgeni amekaa porini siku 19, zimebaki 2, na dume pekee anayefika kwenye chambo ana pua ya waridi. Mwenye kampuni anapiga simu: simba yumo kwenye mgao, yaani idadi ya wanyama tulioruhusiwa kuwinda, tatizo nini? Vijana wangu, mgao ni kikomo. Hatudaiwi na mtu kuumaliza. Mwaka wangu wa pili nikiongoza jumuiya yetu ya vijiji vyenye hifadhi, nilipigiwa simu ya namna hiyo nikakubali. Fuvu lilipokaguliwa, likaonekana la simba mchanga. Niliyeidhinisha ni mimi, na kwa muda mrefu niliona aibu kuwakaripia askari wa vijiji kwa kosa lolote.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na haijarudi nyuma. Sisi tuliufunga 1973, tukaufungua 1978. Wanaoupinga wana hoja, wasikilizeni kwa heshima. Lakini vitalu vyetu vingi ni miombo yenye mbung'o, ambako mtalii wa kupiga picha haji. Pori lisiloleta chochote, jirani yake atalifyeka alime ufuta, na mimi simlaumu.

Huyo jirani ndiye mwajiri wenu. Tangu Sera ya Wanyamapori ya 1998 ilipofungua njia ya vijiji kutenga maeneo yao ya hifadhi, fedha za uwindaji zinapaswa kumfikia. Basi someni hesabu mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, shilingi kwa shilingi. Tulipofanya hivyo mara ya kwanza tulikaa mpaka giza likaingia. Bibi mmoja akasimama: "Mwenyekiti, pesa za wanyama zimenunua nini?" Nikajibu: madawati, na posho za askari. Akasema: "Mjukuu wangu anakaa kwenye dawati lako, lakini analala shambani akipiga madebe kufukuza tembo. Atasoma saa ngapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za kifuta jasho, malipo ya serikali kwa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori. Nikanyamaza. Msimu uliofuata, fungu la kwanza la fedha zile lilinunua kamba, oili chafu na magunia ya pilipili, tukazungushia mashamba ya kitongoji chake uzio wa pilipili wa kuzuia tembo.