Mama Harriet na nyumba yake ya wazee

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo. Mnisamehe kwa huu upepo, najua mnausikia. Leo nimetoka Syracuse asubuhi, nikaendesha kama dakika 40 hadi mji mdogo unaitwa Auburn, hukuhuku jimbo la New York. Ile nyumba ya matofali mekundu mnayoiona pale ilikuwa ya Harriet Tubman.

Wengi mnamjua kama mtumwa aliyetoroka, kisha akarudi kuwatorosha wenzake. Ni kweli. Alitoroka Maryland mwaka 1849, akarudi kulekule safari kama 13, akawatoa watu kama 70. Na alikuwa na jeraha la kichwa tangu akiwa binti mdogo: msimamizi alirusha jiwe la mizani la ratili mbili, likampata yeye. Tangu siku hiyo usingizi ulikuwa unamchukua ghafla, hata akiwa anaongea na watu.

Lakini mimi kilichonileta hapa ni wazee. Mnajua kazi yangu: nawaogesha wazee wa watu, nawalisha, nawageuza kitandani usiku. Kisha mwisho wa mwezi natuma hela nyumbani ili mtu mwingine amwogeshe mama yangu. Basi nilipojua habari za Harriet na wazazi wake, nililia.

Sikilizeni. Krismasi ya 1854 alikwenda kuwachukua ndugu zake watatu wa kiume, waliokuwa wapigwe mnada mara baada ya sikukuu. Wakajificha kwenye kibanda cha kuwekea mahindi, karibu kabisa na nyumba ya wazazi wao. Mama hakuambiwa, maana kilio chake kingewaponza. Siku nzima alikuwa anawangoja wanawe waje kula sikukuu, na wao wanamchungulia kwenye nyufa, hawawezi hata kumwita. Baba yao, mzee Ben Ross, ndiye aliyewapelekea chakula, na usiku ulipofika akajifunga kitambaa machoni, akawasindikiza njiani wakiwa wamemshika mikono. Alipoulizwa baadaye, akasema hajawaona wanawe. Na hakuwaona.

Mwaka 1857 Harriet akarudi kuwafuata wazee wenyewe. Hawakuwa tena watu wa kutembea usiku kucha porini, kwa hiyo akaungaunga magurudumu na ubao, akafunga farasi, akawapandisha. Akawafikisha Canada. Baridi ya kule ikawashinda. Ndipo mwaka 1859 akanunua shamba hapa Auburn kwa seneta William Seward, dola 1,200, alipe kidogokidogo. Wakati huo kisheria yeye mwenyewe alikuwa bado anahesabiwa mali ya mtu!

Kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani sitakaa sana. Mwaka 1863 aliwaongoza askari kwenye mto Combahee, South Carolina, na zaidi ya watu 700 wakapata uhuru wao. Aliporudi, iliichukua serikali zaidi ya miaka 30 kumpa pensheni ya maana, dola 20 kwa mwezi. Na miaka yote hiyo nyumba yake haikuwa tupu: yatima, vipofu, wazee wasio na mtu. Analima, anafuga nguruwe, anawalisha.

Mwaka 1896 eka 25 za jirani zikapigwa mnada. Alisimulia mwenyewe kwamba pale palikuwa na Wazungu tu, yeye akawa kama tunda jeusi kwenye ndoo ya maziwa. Akajibanza kwenye kona, akawa anapandisha bei, watu hawajui ni nani. Akaipata kwa dola 1,450, hela ambayo hakuwa nayo mkononi. Alitaka ijengwe nyumba ya kulea wazee weusi maskini. Mzigo ulipomzidi, mwaka 1903 akaikabidhi ardhi kwa AME Zion, kanisa la Wamethodisti weusi, na nyumba ikafunguliwa 1908.

Kanisa likaweka kiingilio cha dola 100. Harriet hakukubali hata kidogo. Alisema yeye alitaka kanuni kwamba asiingie mtu yeyote isipokuwa yule asiye na hela kabisa. Ndugu zangu, mimi nafanya kazi mahali ambapo kitanda cha mzee kina bei, na nimeona familia zinavyouza nyumba ili kukilipia. Maneno hayo yamenikaa kifuani.

Mwaka 1911 naye akaingia humo, mzee, hajiwezi. Akafariki tarehe 10 Machi 1913.

Sasa nimeshafika makaburini, Fort Hill. Kaburi lake ndilo hili, chini ya huu mti mkubwa. Watu wameacha sarafu na vijiwe hapa juu, vimelowa. Ngoja nisogeze simu, jua linapiga kwenye jiwe. Mnaona maandishi? Wameandika alitoa watu utumwani, na hapa chini wakaandika: muuguzi. Ngoja nipanguse majani. Muuguzi. Hapo, mnaona?