Kwanza Lisimulie Swali

Mhadhara mbele ya wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha tatu, walimu wao na wazazi

Walimu wenzangu, wazazi wetu, na nyinyi wanafunzi mliokaa huko nyuma mkidhani sitawaona, asanteni kwa kuja. Tuanze na kazi, maneno yatafuata. Ubaoni nimeandika 10 − 3 + 2. Kila mtu atafute jibu lake bila kuchungulia kwa jirani. Wazazi pia.

Haya, wenye 9 wanyooshe mikono. Wenye 5? Mko wengi, na wengine mna mvi, wala sishangai. Jibu ni 9. Ukiwa na shilingi kumi, ukatoa tatu, kisha ukaongezewa mbili, huwezi kubaki na tano hata kama duka ni la mjomba wako.

Aliyepata 5 ameponzwa na utii. Alifundishwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Akaona JU imetangulia TO, akajumlisha 3 na 2 kwanza, akapata 5, akaitoa kwenye 10. Alichoambiwa haraka haraka, au hakuambiwa kabisa, ni kwamba kujumlisha na kutoa ni vitendo vya daraja moja. Vikikutana, unakwenda kutoka kushoto kuelekea kulia. Kugawanya na kuzidisha nako ni hivyo hivyo.

Hapa walimu naomba tulitazame jambo hili kwa karibu, kwa sababu lina utamu wake. Ile GAZI haimponzi mtoto hata akiifuata neno kwa neno. Chukueni 12 × 6 ÷ 3. Anayegawanya kwanza anapata 12 × 2, yaani 24. Anayekwenda kushoto kulia anapata 72 ÷ 3, yaani 24 ile ile. Chukueni 24 ÷ 4 × 2. Kugawanya kwanza kunaleta 12, nalo ndilo jibu. Anayetanguliza kuzidisha ndiye anayepotea: 24 ÷ 8, anapata 3. Kwa hiyo kutanguliza kugawanya ni salama, kutanguliza kuzidisha kuna hatari. Hamieni upande wa pili mtaona kutanguliza kutoa ni salama, na kutanguliza kujumlisha kuna hatari. Aliyebuni kifupisho hiki alipatia GAZI akateleza kwenye JUTO. Ingekuwa MAGAZITOJU, mtoto mtiifu angepata 9 yake na kwenda zake mapumziko. Ingawa kwenye 10 + 2 − 5 angekwama, kama bado hajafundishwa namba hasi, maana angeanza kuhangaika na 2 kutoa 5. Na tukubaliane kwamba MAGAZITOJU haitamkiki.

Sababu yenyewe ni nini? Alama ya kutoa ni mali ya namba inayoifuata, na ya hiyo peke yake. Katika 10 − 3 + 2, kilichotolewa ni tatu. Ile mbili imekuja kuongezwa. Anayezifunga 3 na 2 pamoja nyuma ya alama ya kutoa ameigeuza mbili aliyopewa kuwa mbili anayodaiwa. Mtoto akielewa hilo, kifupisho anaweza kukisahau na asipungukiwe na kitu.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu kila siku: swali lina jambo linalotokea ndani yake. Lisimulie jambo hilo kwanza, kwa maneno yako, ndipo utafute kanuni. Na nyinyi wa kidato cha kwanza, mliotoka darasa la saba mkifanya hisabati kwa Kiswahili, sasa mnakutana na hesabu zile zile kwa Kiingereza, lisimulieni kwa Kiswahili bila aibu. Nimewaona wanafunzi wenye akili nyingi wakiokota namba ndani ya swali na kuzizidisha, kwa sababu tu namba ndizo zilizokuwa zinasomeka. Usipoweza kumhadithia mdogo wako swali linahusu nini, kalamu iache mezani.

Tujaribu moja. Basi limekwenda kilomita 120 kwa mwendokasi wa kilomita 60 kwa saa. Likarudi njia ile ile kwa kilomita 40 kwa saa. Wastani wa mwendokasi wa safari nzima ni ngapi? Nasikia "hamsini". Nilitegemea. Sitini na arobaini ni mia, gawa kwa mbili. Lakini simulia safari: kwenda limetumia saa 2, kurudi saa 3. Jumla kilomita 240 kwa saa 5. Wastani ni kilomita 48 kwa saa. Basi limekaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa polepole, kwa hiyo wastani unavutwa kuelekea huko. Hamsini ingekuwa sahihi kama lingetembea saa sawa kwa kila mwendo.

Sasa hili ndilo ninalolipenda. Basi lile lile limekwenda kilomita 120 kwa mwendokasi wa 60. Dereva anataka wastani wa safari nzima, kwenda na kurudi, uwe 120. Arudi kwa mwendo gani? Kijana pale anasema 180. Mwingine 240. Simulieni kwanza! Safari nzima ni kilomita 240. Ili wastani uwe 120, safari nzima ichukue saa 2. Kwenda peke yake kumeshakula saa 2. Muda umekwisha na basi bado liko mwisho wa safari ya kwenda. Hata akirudi kwa mwendo wa radi hatafika. Kuna maswali ambayo jibu lake ni "haiwezekani", na mwanafunzi aliyezoea kuzungusha kanuni hawezi kuliona jibu hilo, kwa sababu kikokotoo hakina kitufe chake.

Asilimia nitaipita haraka. Bidhaa ya shilingi 50,000 imepanda kwa asilimia 20, kisha ikashushwa kwa asilimia 20. Haijarudi 50,000. Ilipanda hadi 60,000, na asilimia 20 ya 60,000 ni 12,000, imebaki 48,000. Kila ukiona asilimia, uliza: ya nini?

Twende kwenye vipimo, maana huko ndiko alama zinakomwagika. Ukimuuliza mwanafunzi mita moja ina sentimita ngapi, atakujibu 100 kabla hujamaliza. Muulize mita moja ya ujazo ina sentimita ngapi za ujazo. Wengi watasema 100. Ni 100 × 100 × 100, yaani 1,000,000. Lita moja ni sentimita za ujazo 1,000, kwa hiyo mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Tangi la plastiki la lita 1,000 mnaloliona juu ya minara majumbani ni mita moja ya ujazo kamili.

Swali: paa la nyumba lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 8. Imenyesha mvua ya milimita 25. Maji kiasi gani yameangukia paa? Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mvua kwa milimita, na wengi wetu tunasikia tu namba inapita. Milimita 25 maana yake ni hivi: kama maji yale yangebaki pale yalipoangukia, bila kutiririka wala kunywewa na ardhi, yangesimama kina cha milimita 25. Basi. Kwa hiyo tuna umbo la mita 10 kwa mita 8 kwa milimita 25. Milimita 25 ni mita 0.025. Eneo ni mita za mraba 80. Mara 0.025 ni mita za ujazo 2. Lita 2,000, sawa na ndoo 100 za lita 20.

Yupo mwanafunzi atakayezidisha 10 × 8 × 25 moja kwa moja, apate 2,000, na aandike "mita za ujazo 2,000". Namba yake ni nzuri. Kipimo ndicho kimemuua. Mita za ujazo 2,000 ni lita milioni mbili. Bwawa la kuogelea la mita 50 kwa 25, lenye kina cha mita 2, linachukua mita za ujazo 2,500. Ina maana mvua ya jioni moja juu ya nyumba ya familia imekaribia kulijaza! Angejiuliza tu, angecheka na kufuta. Na ajabu ni kwamba angeandika "lita 2,000" angekuwa amepatia, kwa sababu milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Wanaojenga matangi ya kuvuna maji, hiyo kaeni nayo kichwani: eneo la paa kwa mita za mraba, mara milimita za mvua, unapata lita. Punguza kidogo kwa yanayoruka na yanayomwagika pembeni ya mfereji.

Mzee pale ameuliza swali la fundi, na ni zuri: paa lina mteremko, tupime bati au tupime sakafu? Shikamoo mzee. Usipime bati. Bati likiinama eneo lake linakuwa kubwa kuliko linalofunikwa chini, lakini mvua inadondoka kutoka juu na haijali mteremko. Kinachohesabika ni kivuli cha paa jua likiwa utosini. Pima kivuli hicho, pamoja na sehemu inayotokeza nje ya ukuta. Upepo ukiisukuma mvua upande, hesabu inabadilika kidogo, lakini kwa tangi la nyumbani inatosha.

Sayansi sasa. Birika la umeme lina wati 2,000. Umeweka lita moja na nusu ya maji yenye nyuzi 25. Yatachemka baada ya muda gani, na yatakula uniti ngapi? Kabla ya kukokotoa, semeni makadirio. Sekunde kumi? Hapana. Nusu saa? Hapana. Dakika chache. Hilo ndilo banda letu; jibu likitoka nje ya hapo tutalirudisha.

Lita moja na nusu ya maji ni kilo moja na nusu. Kupandisha kilo moja ya maji nyuzi moja kunahitaji jouli 4,200 hivi. Kutoka 25 hadi 100 ni nyuzi 75. Kwa hiyo 1.5 × 4,200 × 75, tunapata jouli 472,500. Wati 2,000 ni jouli 2,000 kila sekunde. Gawanya: sekunde 236, pungufu kidogo ya dakika 4. Banda letu limelikubali. Birika la kweli litachelewa zaidi ya hapo, kwa sababu lenyewe nalo linapata joto na mengine yanapotea hewani.

Uniti moja ya umeme mnayoinunua ni kilowati moja kwa saa moja, yaani jouli 3,600,000. Gawanya kwa 472,500: ni mara saba na nusu hivi. Kwa matumizi ya nyumbani, hesabu kwamba uniti moja inachemsha birika kama hilo mara sita au saba. Hakikini kwa njia ya pili: dakika 4 ni sehemu moja ya 15 ya saa, kilowati 2 gawa kwa 15 ni 0.13, na 1 gawa kwa 0.13 ni kama saba na nusu. Njia mbili zikikutana, unalala usingizi.

Hapo nimechukulia tuko pwani. Arusha mjini, kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, maji yanachemka karibu na nyuzi 95, kwa sababu hewa inayoyakandamiza ni kidogo. Ndiyo maana huko maharage yanachelewa kuiva ilhali birika linawahi kuchemka. Mwanafunzi anayeandika 100 kila mahali kama amri amesahau kwamba 100 ni ya usawa wa bahari.

Nimalizie na swali ambalo halijafungwa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu shule ya sekondari Magamba, kwenye milima ya Usambara. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu ya maziwa. Nafasi kwenye jokofu ilikuwa inajaa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Alipouliza darasani aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia aliyetoka Chuo Kikuu Dar es Salaam. Osborne alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Ubishi haujaisha: wapo waliojaribu wakaona alichokiona Mpemba, na mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walichapisha kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha.

Mnaweza kujaribu wenyewe, lakini kwanza lisimulieni swali vizuri. "Kuganda" ni nini: kufika nyuzi 0, au kuwa barafu tupu hadi katikati? Majibu yanaweza kutofautiana. Vyombo viwe vya aina moja, maji ya kipimo kimoja, kwa mfano mililita 100, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 90. Vipimajoto vizame kina kile kile, maana hata sentimita moja inaweza kukudanganya. Chini ya vyombo pasiwe na theluji ya jokofu. Chombo cha moto kitaiyeyusha, kitagusana vizuri na chuma na kupoa kwa upendeleo. Andikeni joto kila dakika tano, na rudieni mkibadilishana nafasi za vyombo.

Binti pale anauliza kama jokofu la duka la mama yake litafaa. Litafaa. Muombe ruhusa kwanza, na uzitoe soda.