Sikio Kwanza, Ekwalaiza Baadaye

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Ahsanteni kwa kuja na hedifoni kama nilivyoomba. Zivaeni shingoni kwanza, tutazihitaji baadaye kidogo.

Ukifungua ekwalaiza ya simu, yaani ile sehemu ya kupandisha na kushusha sauti nene, za kati na nyembamba kila moja peke yake, unakuta majina: roki, jazi, pop. Unabonyeza mojawapo, besi inaruka, unaridhika. Mimi nimekaa nyuma ya mitambo kwenye kumbi za taarabu miaka ishirini na ushei, na leo nina ombi moja tu kwenu: msianze na jina la muziki. Aliyepanga zile namba hajui sikio lako likoje.

Sikio zima la kijana hushika sauti kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde; namba ndogo ni sauti nene, kubwa ni nyembamba), lakini halizishiki kwa usawa. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi, nalo ni kama chupa unayoipuliza mdomoni: lina mlio wake linaoupokea kwa nguvu, karibu na hezi 3,000. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, wa maabara za Bell kule Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonesha kwamba sauti ikipunguzwa, besi ndiyo inayotutoka mapema kuliko sauti za kati. Basi ukisikiliza usiku kwa sauti ndogo ukaona muziki umekonda, hedifoni yako haina ubaya. Ongeza besi desibeli tatu au nne (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti), volumu iache ilipo.

Sasa niwaeleze la kwangu. Miaka yote ile spika ilikuwa kushotoni mwangu. Nilipokwenda kupimwa, mpimaji alinionesha mchoro: mstari unakwenda vizuri, ukifika hezi 4,000 unatumbukia kama gari kwenye shimo, halafu unapanda tena. Hapo ndipo kelele zinapoanza kutafuna masikio ya wengi. Kabla ya hapo nilikuwa nikimlaumu mpiga ganuni kwamba siku hizi amelegea. Hakulegea. Zile ncha za nyuzi zake zilikuwa haziingii tena kwenye sikio langu la kushoto. Siku ile niliumia, nawaambieni kweli.

Usiku nikafungua ekwalaiza nikataka kulijaza shimo lote. Nilikosea. Kuongeza desibeli 20, tuseme, ni kuzidisha nguvu ya sauti mara 100, na vinywele vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikishafa havioti tena. Ukivipigia makelele unamalizia vilivyobaki. Nikarudi kwenye desibeli tano, upande wa kushoto peke yake, na ganuni ikarudi. Si yote, lakini ilinitosha. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo cha mtu mzima, na kila desibeli tatu unazozidisha hukata muda huo nusu. Kwa hiyo desibeli 83 ni saa 20.

Ukishalijua sikio lako, ndipo uje kwenye muziki. Taarabu ina msongamano. Fidla, kodiani, udi na mwimbaji wote wanagombania sehemu ya kati. Kosa ninaloliona kila siku ni kuinua besi na trebo, yaani sauti nyembamba za juu, pamoja, katikati pakabaki bonde, na bondeni humo ndimo alimo mwimbaji. Taarabu ni ushairi. Usiposikia maneno umesikia nini? Punguza desibeli mbili tatu kwenye hezi 300, ukungu utaondoka, maneno yatatokeza yenyewe. Kupunguza kwanza, kuongeza baadaye.

Na santuri za kale? Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu wa zamani, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Kwenye santuri za wakati ule, ukipanda juu ya hezi 6,000 unakuta mikwaruzo zaidi kuliko muziki, kwa hiyo kuinua trebo ni kuinua mikwaruzo. Shusha huko juu, umwache yeye.

Rumba iacheni besi yake, ila msiizidishe ikafunika magitaa ya sebene. Singeli huchoma sikio kwenye hezi 6,000 hadi 8,000, punguzeni hapo.

Jambo la mwisho kabla hatujaanza. Ukiongeza desibeli tano popote, shusha priampu, ile nguvu ya jumla iliyo pembeni ya ekwalaiza, desibeli tano. Usipofanya hivyo mawimbi yatakatwa vichwa, utasikia mpasuko, na utailaumu hedifoni bure.

Haya, vaeni. Fungueni ile sauti niliyowatumia, inapanda polepole kutoka hezi 20 kwenda juu. Kulia kwanza, kisha kushoto. Andikeni kila mahali inapofifia, na msitazamiane karatasi.