Uzamivu wa Saa za Jioni: Kusoma Akiolojia kwa Masafa

Ndugu wanataaluma, wanafunzi na wageni wetu, asanteni kwa kunialika.

Tangu nitetee tasnifu yangu, naulizwa sana: akiolojia ni kazi ya kushika udongo, sasa mtu anaisomaje kwa masafa, tena akiwa ameajiriwa? Nitalijibu kwa uzito, maana naamini humu ukumbini wamo wanaositasita kujiandikisha.

Kusoma kwa masafa si jambo geni. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa wasiohudhuria madarasa mwaka 1858. Ila akiolojia ina ugumu wake: tabaka la udongo ukishalichimba umelimaliza, hakuna atakayelichimba tena. Hubaki vitu vyenyewe, michoro, picha na madaftari ya uwandani. Hapo ndipo penye mlango wa mwanafunzi mwenye ajira. Stoo za makumbusho zina masanduku ya machimbo ya zamani ambayo ripoti zake hazijaandikwa hadi leo. Mimi nilichagua masanduku hayo badala ya kufungua shimo jipya, na mwenye likizo fupi namshauri afanye hivyo hivyo.

Unachukua kigae cha ukingo wa chungu, unakisimamisha ukingo ukiwa chini juu ya karatasi yenye duara ndani ya duara, unakiinamisha taratibu mpaka mwanga usipenye chini yake. Sasa kimeinama kama kilivyoinama chungu kilipokuwa kizima, ila kichwa chini. Unakisogeza duara hadi duara mpaka mkunjo ulingane, unasoma kipenyo, unachora. Kigae kimoja ni dakika chache. Sanduku zima linakula likizo. Yaliyobaki, kama takwimu na kupanga tabaka kwa mchoro aliobuni mwanaakiolojia Edward Harris mwaka 1973 kuonyesha lipi lilitangulia lipi, yanataka meza na taa tu.

Na kwenda polepole kuna faida yake. Majibu ya kaboni 14, yaani kipimo cha umri wa mabaki ya viumbe, yalipokuja, sikuwa na haraka ya kuyaandikia sura. Nikawa nayatafakari njiani kwenda kazini: mkaa hutueleza mti ulikua lini, hautuelezi moto uliwashwa lini. Kama kuni zilitoka kwenye moyo wa mti mkongwe, tarehe inaweza kuwa ya nyuma kwa miaka mingi kuliko jiko lenyewe. Sura nzima ya mpangilio wa nyakati nikaijenga upya juu ya mbegu zilizoungua, kwa kuwa mbegu ni ya msimu mmoja.

Nilichokosa ni watu. Vitabu na makala nilivipata mtandaoni, lakini msimamizi hawezi kupitisha kidole kwenye kigae kupitia skrini akasikia chembe za mchanga. Mwenzako wa meza ya pili angekwambia, "Hiki nimekiona, linganisha na kile."

Kwa hiyo nina ombi kwa wakuu wa idara mliopo. Mnapopokea wanafunzi wa masafa, watengeeni siku za kukaa maabara pamoja na wenzao, siku hizo ziingie kwenye ratiba na bajeti, na wajulishwe mapema ili waombe ruhusa kwa waajiri wao.

Sasa nayakaribisha maswali.