Urefu Sawa, Muda Tofauti

Karibuni, wanafunzi na mafundi. Mnaotoka Ntinda asubuhi mnajua kwamba hakuna anayeuliza Wandegeya ni kilomita ngapi. Watu huuliza jamu ikoje. Leo hapa Kampala nataka tuutazame ubao wa saketi kwa jicho hilohilo.

Penye ombwe, ishara husafiri kama sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Kwenye ubao wa FR-4, ule wa nyuzi za kioo na epoksi, mwendo hupungua. Njia ya shaba iliyo juu ya ubao ina hewa upande mmoja, kwa hiyo milimita moja hula pikosekunde 6 hivi (pikosekunde elfu moja ni nanosekunde moja). Njia iliyofukiwa ndani imezungukwa na epoksi kote. Hiyo huchukua karibu 7.

Mtasema pikosekunde moja ni nini? DDR3-1600, aina ya kumbukumbu ya kompyuta, hupitisha biti moja kila pikosekunde 625 katika kila waya, na biti za waya hizo zinapaswa kufika pamoja. Ubao wangu wa kwanza wa aina hiyo ulikuwa na njia moja ndefu kuliko wenzake kwa milimita 40. Hizo ni pikosekunde 280 za ndani ya ubao, karibu nusu ya biti! Nilisubiri ubao majuma mengi utoke ng'ambo, na ulipofika haukusoma kumbukumbu hata mara moja. Iliniuma, maana kompyuta ingenionyesha kosa hilo jioni moja tu.

Basi nikajifunza kusawazisha urefu kwa kuzipindapinda njia kama nyoka. Hapo nikakutana na mtego wa pili. Njia mbili za milimita 60, moja juu na moja ndani: ya kwanza inafika baada ya pikosekunde 352, ya pili 415. Rula inasema ziko sawa. Na mikunjo ya nyoka ikibanana mno, sehemu ya ishara huruka kutoka mkunjo hadi mkunjo na kutangulia kufika. Iacheni ipumue.

Ndiyo maana kwenye kompyuta tunaiga muda, siyo urefu. Ngspice, programu ya kuiga saketi, ni ya bure, na ndani yake kila njia tunaiandika kama laini yenye vitu viwili: ukinzani wake wa asili, yaani ule ambao ishara hukutana nao ikisafiri, Z0, na ucheleweshaji wake, TD. Msisahau rezista upande wa chanzo. Bila hiyo ishara hugonga mwisho wa njia, inarudi, inagonga chanzo na kwenda tena. Mawimbi yanayumba kwenye skrini, na hutajua ni wakati gani hasa biti imevuka kizingiti cha volti. Hili hunisumbua kuliko urefu wenyewe, kwa sababu watu wengi huliruka.

Fungueni kompyuta. Laini ya kwanza, Z0=50, TD=352p. Ya pili, Z0=50, TD=415p. Chanzo kimoja, rezista ya omu 50 kwa kila moja. Tazameni kingo za ishara zinavyopishana.